Nimeongeza jeti mara mbili, bado inakohoa

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina pikipiki Honda CG125 ya marehemu baba, ya miaka ya themanini. Nimeifufua kwa mtindo wangu: nimetoa boksi la hewa, nimefunga chujio la koni na ekzosi fupi. Nikivuta mafuta kidogo inasita na kukohoa. Nikiachia, ekzosi inapiga risasi. Fundi wa huku amenipandishia meni jeti (kijitundu kikuu cha petroli kwenye kabureta; namba kubwa, petroli nyingi) kutoka 95 hadi 105, kisha 115. Kukohoa kuko palepale, na sasa nikifungua mafuta yote inaguna tu, plagi nyeusi. Kabureta imekufa? — Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Kabureta haijafa. Ina malalamiko mawili: chini, ukifungua mafuta kidogo, ina njaa ya petroli; juu, ukifungua yote, imevimbiwa. Fundi wako alisikia la njaa, chakula akakipeleka kusikohitajika.

Meni jeti haitawali mpaka ufungue mafuta kama robo tatu. Kuanzia sailensa (injini ikinguruma bila kuvutwa mafuta) hadi karibu robo, inayolisha ni jeti ndogo. Kutoka hapo hadi robo tatu, sindano ya ndani ya kabureta, inayopanda na kushuka kwa mkono wa mafuta, ndiyo inayopima. Wewe unakohoa kwenye robo. Ungefunga hata 150, ingekohoa tu.

Tena uko Mbeya, kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama asilimia 15, kwa hiyo jeti inayotosha pwani, huko inazidisha petroli. Hili lilinipata. Niliipanga CG yangu Morogoro mpaka ikawa inaimba, nikaianza safari ya Iringa. Baada ya kupanda mlima wa Kitonga ikaanza kuguna, na Iringa nilipotoa plagi niliikuta nyeusi kama sufuria ya makande. Niliporudi Morogoro ikapona bila kuguswa, na mimi nilikuwa nimeshamlaumu aliyeniuzia petroli.

Kwanza hakikisha hakuna hewa inayopenya kati ya kabureta na injini. Ikiwa kwenye sailensa, nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio. Mlio ukibadilika, badilisha gasketi kabla ya kununua jeti yoyote. Kagua na gasketi ya ekzosi pale kwenye hedi (kichwa cha injini), maana ikivuja nayo hupiga risasi.

Kisha bandika tepu ya karatasi kwenye mkono wa mafuta, uweke alama za robo, nusu na robo tatu. Bila alama hizo utakuwa unakisia, na wengi tunapodhani tumefungua nusu, tumefungua robo.

Anza juu, kwenye meni jeti. Mimi ningerudi kwenye 100. Tafuta barabara tupu, gia ya tatu, mafuta yote kwa muda kidogo, halafu zima injini na ubane klachi kwa pamoja. Simama, toa plagi. Rangi ya biskuti ndiyo tunayoitaka. Ikiwa nyeusi shuka saizi moja, ikiwa nyeupe panda, na usiendelee kuikimbiza ikiwa nyeupe, pistoni itaungua.

Halafu sindano. Endesha kwenye robo na kidogo zaidi, funga choki (mlango wa hewa wa kabureta) nusu. Ikiacha kukohoa, ni njaa ya petroli. Shusha klipu (kibanio kinachoshika sindano) tundu moja: klipu ikishuka sindano inapanda, na petroli inaongezeka. Mafundi wengi wanalipindua hili. Sindano isiyo na nafasi za klipu, iwekee washa (kiringi) nyembamba chini ya kichwa chake.

Risasi za kuachia mafuta mara nyingi ni za jeti ndogo. Panda saizi moja. Skrubu ya kurekebisha mchanganyiko kwenye kabureta nayo iangalie ilipo. Ikiwa upande wa chujio inapima hewa, na kuifungua kunapunguza petroli. Ikiwa upande wa injini, kuifungua kunaiongeza.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uandike. Nunua jeti za kabureta yako hasa, kwa sababu namba za Keihin na za Mikuni, watengenezaji wawili wa kabureta, hazilingani. Na asije mtu akakupekechea jeti kwa uzi wa waya wa breki! Nimeona 95 iliyopekechwa ikinywa kuliko 120.

Ile 105 iweke kwenye boksi la spana. Ukiteremka nayo Dar utaihitaji.