Kuhusu saratani ya sainasi na upasuaji

Ndugu, umeuliza kama mjomba wako, seremala wa Jinja, anaweza kupona saratani ya sainasi ya shavu (uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa shavu, kando ya pua) kwa dawa pekee, bila kupasuliwa. Kwa kawaida, uvimbe unaoweza kuondolewa hukatwa kwanza, kisha hufuata mionzi. Dawa za kemikali huongezwa kwa baadhi ya wagonjwa, na peke yake ni nadra ziponye. Kwa ujumla, takriban nusu ya wagonjwa huwa hai baada ya miaka 5, lakini wanaowahiwa kabla ugonjwa haujafika kwenye jicho au ubongo hupata matokeo bora zaidi. Tatizo kubwa, nalo linaniuma, ni kwamba dalili zake hutibiwa kama mafua kwa miezi mingi: pua kuziba na kutoa damu upande mmoja, shavu kufa ganzi, meno ya juu kulegea. Mafundi mbao wazijue, kwani vumbi la mbao ni kisababishi kilichothibitishwa. Mpelekeni Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, na mkipanga upasuaji ulizeni papo hapo tarehe ya mionzi, maana inafaa ianze ndani ya wiki 6 hivi baada ya upasuaji.