Usiingie bwawani na kaptula hiyo kabla hujailowesha nyumbani

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Jumamosi unaanza kujifunza kuogelea kwenye jimu yenye bwawa hapa Tanga, na utavaa kaptula nyeusi ya pamba uliyoipata mtumbani, boksa ndani, kwa sababu dada wa mapokezi kakwambia "vaa chochote mradi usiwe uchi". Ukaongeza maswali ya miwani, ada, saa zisizo na watu, na kama chupi ya kuogelea inafaa. Mimi nimekwama kwenye hiyo kaptula. Maneno hayo niliambiwa mimi, na kaptula ya namna hiyo niliuziwa mimi. Usiivae.

Nianze na muuzaji maana bado ana deni langu. Nilimfuata kwenye meza yake nikamweleza wazi: nataka nguo ya kuogelea, si ya kutembelea. Akachomoa kaptula nyeusi tii, akaivuta kiunoni nione lastiki, akaniapia kwamba hiyo ndiyo wanayovaa wazungu mahotelini. Ilikuwa pamba tupu, tena pamba iliyopauka ikapigwa rangi upya. Anayenunua mtumba anaujua mchezo huo: nguo inazamishwa kwenye rangi, inaanikwa, inapigwa pasi, inapanda bei. Kwa matembezi haina neno, utaifua peke yake mpaka ichoke kutoa rangi. Lakini kumwapia mteja kuwa ni nguo ya majini, na wewe mwenyewe umetoka kuizamisha kwenye rangi, ni wizi mtupu. Nilipomrudia akasema maji ya bwawa ndiyo mabovu.

Sasa sikia ilivyokuwa. Jumapili, bwawa limejaa, watoto wako upande wa kina kifupi na mimi mwanafunzi ndiko nilikopangiwa. Kushuka tu, kaptula ikavuta hewa ikavimba pande zote. Nikaibonyeza, hewa ikatoka, maji yakajaa mifukoni. Pamba inakunywa maji na haiyaachii, kwa hiyo kila nilivyojaribu kulala juu ya maji kiuno kilivutwa chini. Boksa nayo ilishalowa, imenata mapajani, inasuguana na kaptula, zote mbili zinateremka. Nikatafuta kamba nikaze. Kamba ya pambo! Imeshonewa mbele tu, haizunguki kiuno. Mwalimu anasema piga miguu, nyoosha mikono, na mkono wangu mmoja uko kazini kushika nguo. Watu wanafikiri suala hapa ni aibu. Mtu asiyejua kuogelea akipungukiwa mkono mmoja na kubeba uzito kiunoni, hilo ni suala la uhai, hata kama maji yanamfika kifuani.

Halafu mtoto mmoja akapiga kelele: "Ngisi!" Nikageuka. Nyuma yangu kuna mkia wa maji meusi unatanuka taratibu kuelekea kwa watoto. Mnaonijua, utani wa ngisi nimeshausikia wote, hamna jipya.

Mwokoaji akapuliza filimbi, watu wote wakatolewa. Mama mmoja alikuwa na binti yake aliyevaa nguo nzuri ya kuogelea ya manjano, imeshapata mabaka. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumlipa, na nikamlipa. Meneja akaja na hesabu yake: kuosha chujio, kuongeza dawa, na bwawa kufungwa mchana kutwa siku ambayo ndiyo wanaitegemea. Nilikuwa nimelipa ada ya miezi mitatu mbele ili nipate punguzo. Ikaishia hapo hapo, hakuna kurudishiwa hata shilingi. Na yule dada wa mapokezi, yule yule wa "vaa chochote", akanitazama akaniuliza: "Kwani kaka hukujua?" Nilimuuliza kwa mdomo wangu kabla ya kulipa! Jimu inayopokea pesa ya bwawa inashindwaje kubandika karatasi moja ukutani inayosema nguo gani inaruhusiwa? Wanao ukuta mzima wa picha za misuli.

Wengine mtasema sisi ni watu wa pwani, tumekua tunaruka baharini Raskazone na kaptula za shule, pamba hiyo hiyo, na hatukudhurika. Ni kweli, kwa sababu bahari haina chujio. Uchafu wako unaondoka na maji. Bwawani maji ni yale yale: pampu inayavuta, inayapitisha kwenye chujio, mara nyingi la mchanga, inayarudisha. Pamba inamwaga nyuzi, nyuzi zinakwenda kuziba huko. Klorini, ile dawa ya bwawa, nayo inang'oa rangi kirahisi. Na hiyo boksa uliyoshinda nayo tangu asubuhi inaingia na jasho na mabaki ya sabuni. Klorini inajimaliza kupambana na hayo badala ya kuua vijidudu. Ile harufu kali inayowasha macho, ambayo watu husema ndiyo dalili ya bwawa safi, inatokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mikojo ya watu. Ndiyo maana Ufaransa mabwawa mengi ya umma yanakataa kabisa kaptula pana: wanasema mtu ametembea nayo barabarani, amekalia vumbi, anakuja kuiogea humo. Kwa hiyo hata ukipata nguo sahihi, usitoke nayo nyumbani ukapanda nayo bodaboda. Ibebe kwenye mfuko, oga kwanza, kisha uivae.

Kanuni yangu ni moja, na siibadilishi kwa mtu: nguo ya kuogelea haipimwi ikiwa kavu. Dukani zote ni nzuri. Jaza ndoo ya maji nyumbani, izamishe, iache humo wakati unakunywa chai. Maji yakibadilika rangi, hiyo irudishe au uivae kwenda sokoni. Kisha ivae ikiwa imelowa hivyo hivyo, usiikamue, urukeruke bafuni. Ikiteremka, basi bwawani itateremka zaidi. Simama kwenye mwanga, umwombe ndugu yako wa kiume akutazame mbele na nyuma, hasa kama ni nyeupe au ya rangi ya maziwa, maana nyeupe ikilowa inaonyesha kila kitu. Ingiza kidole uone kama kamba inazunguka kiuno kizima. Mifuko kama ipo, iwe ya neti ili maji yapite. Kama si ya neti, ishone ifungwe. Mwisho, itundike uone inakauka kwa muda gani. Poliesta na nailoni zinaachia maji upesi, pamba itabaki inadondosha mpaka jioni.

Bukta ya kuchezea mpira wa miguu, kwa kuwa najua utaniuliza, kawaida ni poliesta, kwa hiyo ina nafuu kubwa kuliko hiyo kaptula yako. Uliza kwanza kama wanairuhusu, na ndoo isiikwepe. Ndani usivae boksa. Bukta za kuogelea zina neti yake ya ndani, neti hiyo ndiyo nguo ya ndani. Kama haina neti na unaona unapwaya, vaa taiti ya kuogelea chini yake.

Kuhusu chupi ya kuogelea, sheria ya jimu inaweza kukuruhusu lakini mji huu una macho. Humo wapo mama zetu, wapo watoto wa madrasa, na wengi wetu tumefundishwa kuwa stara ya mwanamume ni baina ya kitovu na goti. Huhitaji kuchagua kati ya stara na kuogelea vizuri. Tangu 2010 kanuni za mashindano ya kimataifa zinasema vazi la mwanamume lisipande juu ya kitovu wala lisishuke chini ya goti. Mpaka ni ule ule! Taiti inayofika karibu na goti wanavaa waogeleaji wa Olimpiki, na ukiona inakubana mno kwa macho ya watu, vaa bukta nyepesi juu yake, ifike gotini, isiwe pana.

Jumamosi bado haijafika. Usilipe hiyo ada ya miezi mingi, lipa ya siku moja. Mwambie dada wa mapokezi akuandikie kwenye risiti nguo inayoruhusiwa, akikataa muite meneja. Leo usiku zamisha hiyo kaptula kwenye ndoo, upige picha ya maji, uiweke hapa.