Hujawahi kushika brashi? Njoo tu

Dada, umeuliza kama darasa la kuchora huku mnakunywa litakufaa ukija Iringa likizo, maana hujashika brashi tangu shule ya msingi. Litakufaa kabisa! Madarasa ya namna hii yamepangwa kwa watu kama wewe: mwalimu anachora mbele hatua kwa hatua, nanyi mnamfuata. Rangi mara nyingi ni akriliki, inakauka upesi, kwa hiyo ukikosea unasubiri kidogo unapaka juu yake. Mti wangu wa kwanza niliufunika mara tatu, na leo picha iko ukutani sebuleni.

Kabla ya kulipa, uliza kama turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, na kinywaji vimo kwenye bei. Vaa nguo usiyoionea uchungu, akriliki ikishakaukia kwenye kitambaa haitoki. Na ukija masika, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukiwa mbichi na mtamu, unywe mapema. Unachacha haraka, jioni unakuwa mkali na mkono hautulii tena.

Ila nakusihi, asubuhi ya siku hiyo pitia kwanza Igeleke, nje kidogo ya mji. Kuna michoro ya kale ya watu na wanyama kwenye mwamba, mistari michache tu, lakini mnyama unamtambua. Ukitoka pale hutaogopa turubai.

Picha usiifunge siku hiyohiyo. Iache ilale usiku kucha, kisha ifunike kwa karatasi ya nta ndiyo upande nayo basi. Na koti usisahau, huku jioni baridi ni kali.