Barua kwa mwanangu: kufurahi huku unalia

Bagamoyo

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza, tangu upunguzwe kazini na mjukuu wangu awe mtu wa kulazwa kila mara, utafurahije siku zote kama Mtume Paulo anavyoagiza. Na ukitabasamu kanisani huku moyo unauma, si unafiki huo?

Kutabasamu hukuagizwa. Wapo wanaohubiri kana kwamba Mkristo akilia imani yake ina kasoro. Mafundisho hayo yameumiza wengi, nami siyakubali hata kidogo. "Furahini katika Bwana sikuzote" imo katika barua kwa Wafilipi, na aliyeiandika alikuwa kifungoni, hajui ataachiwa au atauawa. Hebu rudi sura ya 2. Epafrodito, mwenzake katika kazi, aliugua nusura afe, na Paulo anasema Mungu alimhurumia ili yeye Paulo asipate "huzuni juu ya huzuni". Mtu yule yule, barua ile ile! Huzuni alikuwa nayo na hakuificha. Lakini anasema tufurahi katika Bwana. Hakusema katika mshahara, wala katika afya ya watoto wetu, ingawa vyote hivyo tunaviomba na tutaendelea kuviomba.

Hali ya baba yako tangu apate kiharusi unaijua. Asubuhi nikishamgeuza namkanda mkono wa kulia kwa mafuta ya nazi, kidole kimoja kimoja, maana usiku vinajikunja. Siku nyingine nachoka hadi nakaa sakafuni. Ila nikianza wimbo wa Bikira Maria huwa anaitikia kwa kuguna, sauti haipandi wala haishuki, na macho yake yananiangalia. Mkono haujanyooka, deni la duka la dawa liko palepale, nami nina furaha, mwanangu, kwa sababu najua Mungu yumo chumbani humo pamoja nasi. Sikudanganyi.

Ukija nitakupeleka tena kwenye makaburi ya wamisionari pale misheni. Walifika hapa mwaka 1868, na wengi waliugua malaria wakafa wangali vijana. Waumini wao wa kwanza walikuwa watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto waliotenganishwa na mama zao. Watu waliokuwa wakizikana na watoto wasio na kwao ndio waliotuachia imani hii hapa Bagamoyo. Kwa hiyo usifikiri ni ya watu ambao mambo yao yamenyooka.

Sasa, ukikosa maneno ya kusali, chukua Zaburi ya 13. Ni fupi. Inaanza kwa kulalamika, "hata lini utanisahau", inaishia kwa kuimba. Hata ukiishia kwenye malalamiko siku hiyo, umesali.

Na jumuiya usiache. Najua unaona aibu kwa kuwa huna cha kuweka kwenye bahasha ya mchango. Wengi wakiishiwa hujificha hivyo hivyo, kisha wanabaki na mzigo peke yao. Nenda mikono mitupu. Hata kule gerezani Filipi, miguu ikiwa kwenye mkatale, Paulo hakuimba peke yake, alikuwa na Sila.

Mtoto akipata nafuu mlete huku. Nauli isipokuwepo sema mapema, tutajichanga na dada yako. Na usiku ambao hata zaburi imekushinda, nitumie ujumbe tu, saa yoyote, nitasali mimi.

Mama yako