Mwache binti amwandikie mwandishi

Dada, umeuliza kama binti yako wa S2, mwaka wa pili wa sekondari, amwandikie mwandishi wa riwaya iliyomliza, au atakuwa anamsumbua mtu mwenye shughuli zake. Mwache aandike. Mwaka 1962, hapa hapa Uganda, chuoni Makerere, mwanafunzi aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye tulimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, alimpa Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, mswada wake, na Achebe akausoma. Ngũgĩ hakuogopa kusumbua. Binti yako hataki hata kusomewa mswada, anataka kusema asante tu.

Mimi nilikulia kambini Jinja, baba akiwa askari. Nyumbani tulisema Kiswahili, shuleni nilikificha. Wenzangu walikijua kama lugha ya vizuizi vya barabarani, ya mtu mwenye bunduki anayekuamuru ushuke garini. Nikiwa S3, mwalimu aliniazima riwaya ya Kiswahili iliyong'oka jalada. Ndani yake mlikuwa na baba anayemmenyea mkewe mgonjwa ndizi, akimbembeleza ale walau kipande. Ukurasa ule niliurudia hadi pembe yake ikalegea kama kitambaa. Sikuwahi kuiona lugha yetu ikiandikwa kwa upole namna ile.

Barua yangu ya kwanza kwa mwandishi wake ilisema kitabu ni kizuri na kina mafunzo mengi. Mwalimu aliisoma, akanirudishia, akaniuliza: ni ukurasa gani uliokushika? Nikaanza upya. Nikaeleza zile ndizi, nikaeleza habari za baba yangu, nikaeleza na aibu niliyokuwa nayo. Kwa hiyo binti asihangaike na sifa. Mwandishi anakijua kitabu chake. Asichokijua ni kilichompata binti yako alipokuwa akikisoma.

Anwani ataipata nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu, pale penye haki ya kunakili: sanduku la posta la mchapishaji, na siku hizi barua pepe. Aandike jina la mwandishi, chini yake "kupitia kwa" mchapishaji. Anwani ya kujibiwa iwe ya shule. Barua haziletwi mlangoni kwetu na wengi hatuna sanduku, tena si vizuri mtoto kumpa mtu asiyemjua anwani ya nyumbani. Wewe isome kabla bahasha haijafungwa. Halafu, tafadhali, asiombe karo. Nafundisha sasa, na naona watoto wanavyouongeza mstari huo mwishoni. Ukishaingia, barua yote inageuka ya karo.

Kama mwandishi ameshafariki, aandike vilevile. Wanafunzi wangu walimwandikia Shaaban Robert, na yeye alifariki mwaka 1962. Daftari zile bado ninazo.

Mwambie mapema kwamba huenda asijibiwe. Mimi nilingoja miezi saba, nikawa nimeshakata tamaa, ndipo nikaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Karatasi moja, wino wa buluu. Shukrani fupi, kisha swali: baba yako alikuwa akikuimbia nini ulipokuwa mdogo?

Sikukumbuka. Jioni ile nilimngoja baba atoke zamu, nikamuuliza. Alikaa kwenye kigoda, akafungua kamba za buti, ya kushoto, kisha ya kulia, akaziweka buti ukutani. Halafu akaimba.