Dada wa Njiro, Arusha, stilwaya isiguse sinki la faiba

Mpigie fundi huyo simu sasa hivi umwambie asije Jumamosi. Umeandika kwamba sinki lako la kuogea la faiba limezungukwa na mstari wa njano, na kwamba fundi amekuahidi kulirudishia weupe wake kwa stilwaya na sabuni ya unga. Nilipofika kwenye stilwaya nikaacha kazi zangu nikujibu.

Sinki la faiba lina ngozi nyembamba ing'aayo, iitwayo jelikoti, ambayo kwa kawaida haifikii unene wa milimita moja, na chini yake kuna nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, yaani gundi inayokauka ikawa ngumu. Mng'ao wote unaouona, na kinga ya kuzuia maji yasipenye, vimo katika ngozi hiyo.

Katika nyumba yangu ya wageni huku Moshi, hupokea watu wanaoshuka Kilimanjaro wakiwa na vumbi jeusi hadi masikioni, na vumbi hilo la volkano lenyewe ni msasa tosha. Fundi mmoja, aliyejitapa kuwa amezoea kazi za mahoteli, alinihakikishia kwamba faiba haidhuriki, akasugua kwa stilwaya, kisha akamalizia kwa msasa na dawa kali ya chooni. Siku hiyo sinki lilitakata kweli, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Baadaye nilipomulika tochi kwa ubavu, niliona mikwaruzo ya kijivu, duara juu ya duara, na utando wa sabuni umejishindilia ndani ya kila mkwaruzo mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kadiri lilivyosuguliwa ndivyo lilivyozidi kuchafuka upesi, mpaka jelikoti ikaisha pale pa kukalia, nyuzi zikajitokeza, na mgeni akatoka bafuni akilalamika kwamba mapaja yanamwasha. Kuling'oa kulimaanisha kuvunja vigae vya ukutani, kwa sababu ukingo wake huingia nyuma ya vigae, na gharama ya vigae na ufundi ilizidi bei ya sinki lenyewe. Fundi hakupokea simu tena. Hasira hiyo ninayo hadi leo, kwa kuwa anayechukua fedha ya watu anapaswa kukijua kitu kabla hajakigusa.

Kwa hiyo shika hili: faiba hulowekwa, haisuguliwi. Mstari wako ni sabuni iliyoungana na kalsiamu na magnesiamu iliyomo katika maji. Anayedai kuwa mstari huo ni floridi amekosea, ingawa ni kweli kwamba maji mengi ya miteremko ya Mlima Meru huko kwenu yana floridi, na ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Suuza kwanza mchanga wote utoke, maana kufuta juu ya mchanga ni kusugua vilevile. Kisha jaza maji ya uvuguvugu yaupite mstari, tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, acha nusu saa au zaidi, halafu ufute kwa kitambaa laini. Penye ukoko wa chokaa uliobaki, laza kitambaa kilicholoweshwa kwa siki na maji nusu kwa nusu, kikae dakika kumi hivi, usuuze vizuri. Siki na Jik visikutane kamwe, kwani hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kimoja tu. Thina, na dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni, visisogee hapo, kwa sababu huilainisha jelikoti.

Ukitaka mng'ao, nta ya gari isiyo na chembe za kusugulia hufaa kwenye kuta za sinki, lakini usiipake pa kukanyagia, mtu atateleza. Na dada anayekusaidia nyumbani mwonyeshe wewe mwenyewe, kwa kuwa stilwaya ya masufuria iko jikoni na ndiyo atakayoikimbilia akiona doa.