Miaka tisa darasani, sasa nataka kazi ya data: niandikeje CV?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimefundisha hisabati sekondari kwa miaka 9. Mwaka jana nilisoma uchambuzi wa data jioni jioni hadi nikapata cheti. Tangu hapo nimetuma maombi zaidi ya 30, sijaitwa hata usaili mmoja. Rafiki yangu ananishauri niandike CV ya kuorodhesha ujuzi tu, tarehe na mahali pa kazi niviondoe ili ualimu usionekane sana. CV yangu ya sasa nimeiambatanisha, ina kurasa nne. Nifuate ushauri huo?

JIBU: Mwalimu, usiufuate. Nimekaa miaka mingi upande wa wanaopokea maombi, na CV isiyo na tarehe hunifanya nijiulize jambo moja tu: huyu anaficha nini? Pengo usilolijaza mwenyewe, msomaji atakujazia, na mara nyingi atajaza mabaya. Isitoshe, waajiri wengi wakubwa hupitisha maombi kwenye programu ya kuyachuja, nayo hutarajia kukuta cheo, mwajiri na tarehe mahali pamoja.

Anza na mistari mitatu ya kujieleza, fuatisha ujuzi unaohusu kazi unayoiomba, halafu kazi ulizofanya kuanzia ya sasa kurudi nyuma, kila moja na tarehe zake.

Lakini mpangilio sio uliokuangusha. Chini ya miaka yako 9 umeandika: "Kufundisha, kusahihisha mitihani, kusimamia nidhamu na majukumu mengine niliyopangiwa." Hayo angeyaandika mwalimu yeyote. Nikafika ukurasa wa tatu, kwenye "Mengineyo", nikakuta kwamba kwa miaka 4 ndiye uliyetunza takwimu za mitihani za shule nzima, wanafunzi wapatao 600, kwenye Excel. Mwalimu! Kazi unayoiomba umekwisha kuifanya miaka minne, ukaiita mengineyo.

Ipandishe juu, uiandike hivi: "Nilisimamia data ya matokeo ya wanafunzi 600 kwa miaka 4, nilisafisha makosa ya uingizaji, nikalinganisha alama kwa mada, na ripoti zangu zilitumika kupanga vipindi vya ziada." Kama ripoti hazikutumika hivyo, kipande hicho kiondoe. Kila sentensi iwe ile utakayoweza kuitetea ukiulizwa kwenye usaili, "Ulifanyaje?" Na kama huna takwimu za mafanikio, hesabu kinachohesabika: ripoti ngapi kwa muhula, au kazi iliyokuwa ikichukua wiki uliifikisha siku ngapi.

Leonardo da Vinci, mchoraji maarufu wa Italia, alifanya kitu cha namna hii mnamo 1482, alipotaka kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Kwenye barua yake alitanguliza madaraja ya kubebeka, mizinga na magari ya vita. Uchoraji akautaja kuelekea mwishoni. Mtawala alihitaji mhandisi wa vita, naye akaanza na hilo. (Zana nyingi alizozitaja zilikuwa bado mawazo tu. Hapo usimwige.)

Nahisi pia umetuma CV ileile mara zote 30. Soma kila tangazo na utumie maneno yake: likisema "kusafisha data", usiandike "kupanga taarifa vizuri", maana anayechuja, awe mtu au programu, anatafuta neno lile. Cheti chako nacho kipe ushahidi. Fanya mradi mmoja mdogo kwa data iliyo wazi kwa umma, uweke kiungo chake. Matokeo ya wanafunzi wako usiyatumie, hata ukifuta majina. Si mali yako.

Tarehe ya kuzaliwa, dini, picha na shule ya msingi viondoe, isipokuwa tangazo limeviomba. Ule mstari wa "wadhamini watatolewa wakihitajika" haumwambii mtu kitu. Kurasa mbili zinakutosha.

Halafu hizo safu mbili na jedwali la rangi kwenye CV yako. Zinapendeza, lakini baadhi ya programu husoma mstari mmoja kuvuka safu zote mbili, ukatoka mchanganyiko usioeleweka. Jaribu mwenyewe: nakili CV yote, uibandike kwenye faili la maandishi matupu. Namba ya simu ikipotea, au tarehe zikiangukia kazi isiyo yake, rudi kwenye safu moja.

Sababu ya kuacha ualimu si ya kwenye CV. Iweke kwenye barua ya maombi, sentensi mbili tu, useme unakokwenda kuliko unakotoka, na mshahara wa ualimu usiutaje kabisa.